Feni Isiyokula Umeme

Kisahani cha mita ya umeme kilisimama Jumatatu, saa nne asubuhi, na feni ikaendelea kuvuma.

Wa kwanza kuona alikuwa Wilbard, fundi wa hoteli. Alimwita Verdiana, msimamizi wa usafi, wakasimama wote wawili mbele ya mita wakikitazama kile kisahani kama watu wanaomtazama mgonjwa aliyezimia.

"Labda mita imekufa," Verdiana alisema.

"Mita ni nzima. Nikiwasha taa, kinazunguka. Nikizima vyote nikaacha feni peke yake, kinasimama." Wilbard akashusha sauti. "Dada, hata waya wa feni nimeshauchomoa. Sikiliza."

Juu ya dari hewa ilikuwa ikipita kwenye mabomba taratibu, ikienda na kurudi. Hilo la kurudi ndilo lililomtoa Verdiana jasho. Feni ile ilijengwa kusukuma tu. Haikujengwa kuvuta na kuachia kama kifua.

Mwaka huo, 2005, Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Katesh ilijaa wageni wa semina. Theodory, mwenye hoteli, alikuwa ameanza na duka la mbegu na mbolea pale biashara huria iliporuhusiwa, akainuka mpaka akajenga vyumba kumi na viwili chini ya Mlima Hanang. Kiangazi, upepo wa Basotu huleta vumbi linaloingia mpaka ndani ya masanduku. Kwa hiyo Theodory alifunga mtambo: feni moja juu ya dari, inayovuta hewa ya nje, kuipitisha kwenye machujio meupe ya kitambaa na kuisambaza vyumbani kwa mabomba ya bati. Mota yake ilikuwa ndogo, ikila umeme kama wa balbu chache, ili mradi machujio yawe safi. Yakiziba, mota hukazana na umeme hupanda. Kwenye kibao cha barabarani aliandika: VYUMBA VYENYE HEWA ILIYOCHUJWA.

Machujio yale yalipaswa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Theodory hakubadilisha hata moja. Kazi ya kuyakung'uta alimpa Marieta, binti kutoka kijiji cha Nambis aliyeajiriwa kufua mashuka. Kila siku aliyakung'utia stoo, nyuma ya jiko, mlango umefungwa ili wageni wasione vumbi, kipande cha kanga kikiwa ndiyo kinga yake ya pekee. Mwaka wa pili hakuweza kubeba ndoo bila kupumzika njiani.

"Dada Verdiana, niombee kwa bosi nirudi kwenye mashuka," alisema siku moja. "Kifua kinaziba."

"Vumilia kidogo, mdogo wangu. Nitamwambia."

Hakumwambia. Aliogopa kazi yake.

Mwezi wa nane walikuja wakubwa kutoka mkoani, na Theodory akaufunga mlango wa stoo kwa nje ili Marieta asitokeze na lile vumbi lake. Verdiana alipita pale na trei ya vikombe. Alisikia mtu akigonga. Akaambiwa chai inasubiriwa, akapeleka chai. Walipofungua jioni, Marieta alikuwa ameegemea mlango, amekwisha kupoa.

Mama yake, Fransiska, alipofika kuchukua mwili, Theodory alimwambia, "Alikuja na kikohozi chake kutoka nyumbani." Fransiska akamgeukia Verdiana kwa macho tu. Verdiana akaitikia kwa kichwa.

Msiba huo ulitokea wiki saba kabla ya mita kusimama.

Theodory alipoambiwa habari za mita, alicheka kwa furaha. "Mashine inafanya kazi bure, na nyie mnanuna? Asiende mtu kuwaambia watu wa umeme!"

Wilbard alifungua sanduku la machujio. Yalikuwa meupe kama siku yalipotoka dukani, wala hakuna aliyeyagusa tangu msiba. Vumbi lilikuwa linakwenda kwingine. Kila asubuhi lilikutwa ofisini kwa Theodory peke yake, laini kama unga, juu ya kiti chake, ndani ya kikombe chake, katikati ya kurasa za Biblia yake. Lilifutwa, likarudi. Wageni walianza kuuliza kwa nini vyumba vinanukia sabuni ya mche, ile ya kufulia, na mwalimu mmoja aliyehamishwa kutoka Tanga alikusanya mizigo yake mchana kweupe, akanong'ona mapokezi kwamba humo ndani mna jini, yeye hawezi kulala nalo.

Siku ya nne Verdiana alikuwa akitandika kitanda chumba namba nane, jua limejaa dirishani, aliposikia bati la bomba likigongwa, polepole, kwa kifundo cha kidole, kutoka mwisho wa korido mpaka juu ya kichwa chake, na hewa iliyotoka kwenye tundu la ukutani ikamgusa shingoni ikiwa ya uvuguvugu na yenye unyevu, na ndani ya hewa ile, karibu kabisa na sikio, sauti aliyoijua ikasema, "Dada. Nifungulie."

Alikimbia akiacha shuka sakafuni.

Theodory naye alikuwa ameanza kutema vumbi. Hospitali walimpima wasione kitu. Mwishowe alikubali aitwe Akonaay, mganga kutoka Tumati. Mzee yule alisimama mlangoni pa stoo, akanusa, akakataa hata mbuzi aliyeandaliwa.

"Huyu hakuja mwenyewe," alisema. "Ametumwa. Aliyemtuma ndiye atakayemrudisha. Mwiteni mama yake."

Fransiska alikuja kesho yake, saa ya chai. Theodory alimpokea ukumbini akiwa ameshika kifua.

"Shikamoo, mama."

Fransiska hakuitikia. "Nilipomzika mwanangu nilimwambia asilale," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia arudi achukue pumzi yake kwa aliyemnyima. Nitamwita nyumbani ukisema kwa kinywa chako, mbele ya watu, ulivyomtenda."

Watu wa semina walikuwa wamesimama kila kona na vikombe vyao. Miongoni mwao walikuwamo wale wakubwa wa mwezi wa nane. Theodory aliwatazama mmoja mmoja. Akajiweka sawa koti.

"Marieta," alisema, "alikuja na kikohozi chake kutoka nyumbani."

Mvumo wa mabomba ukakatika. Kisha matundu yote ya ukuta yakavuta kwa pamoja, mapazia yakanyooka kuelekea dari, mvuke wa chai ukalala upande mmoja, milango ya vyumba ikajibamiza mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa korido, na Theodory akapanua kinywa kama mtu anayetaka kuita, ila badala ya sauti ikamtoka pumzi, ndefu, isiyokwisha, ikapanda juu kama uzi wa moshi wa kijivu na kuingia tunduni, huku kifua chake kikibonyea, na shati likimfuata mbavuni, na macho yake yakimtafuta mtu yeyote wa kumfungulia.

Akaanguka. Midomo yake ilijaa vumbi.

Verdiana alipiga magoti. "Nilisikia akigonga. Mama, nilisikia!"

"Najua," Fransiska alisema. "Ameniambia." Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Hoteli ilifungwa. Verdiana hakupata usingizi wala hamu ya kula, na kabla ya Krismasi alipanda kwenda Nambis na kilo mbili za sukari na kitenge kipya. Alimkuta Fransiska uani, peke yake, akichambua maharage.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilishakusamehe siku ile ile."

Verdiana alilia machozi ya ahueni. Fransiska alimwacha alie mpaka amalize, akiendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Lakini hukumkosea mama peke yake," akasema hatimaye, akionyesha nyumba kwa kidevu. "Ingia ukamwombe mwenyewe."

Ndani, mtu akavuta kigoda.

Verdiana alitazama njia aliyojia. Kisha akavua viatu vyake, akavipanga pembeni ya mlango, akaingia.