Mkono Ule Ulikuwa Wangu

Jumatatu, tarehe 8 Juni. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na foleni ya kupimwa joto ilijaa nje ya lango la chuo cha uuguzi. Ndipo kijana aliyeitwa Mrefu alipomkanyaga binti mwenye gauni la njano.

"Samahani, dada. Barakoa imenipanda machoni."

"Ishushe basi, kaka, kabla hujamkanyaga na mkuu wa chuo!"

Wakacheka. Kwa ajili ya korona, wanafunzi hawakuruhusiwa wodini. Kila wawili walipewa mkono wa bandia, wajifunze nyumbani kuweka dripu na kujirekodi kwa simu, wamevaa glavu na mavazi kamili ya kujikinga. Hao wawili wakapangwa pamoja. Mkono ukawa unakwenda kwa huyu na kurudi kwa yule. Mapenzi nayo yakafuata njia hiyo hiyo, hata wakaanza kuzungumzia ndoa.

"Mgonjwa wetu amekula?" Mrefu aliuliza kwenye simu, akiutania ule mkono.

"Ameshiba, mpenzi. Anakuulizia wewe tu."

Binti alisali kabla ya kila sindano. Video yake ilipokamilika, alimtumia Mrefu kwanza, amtazamie kasoro. Mrefu, ambaye alitetemeka hata mbele ya plastiki, akaipeleka chuoni kama yake.

Mwalimu akapokea video mbili zilizo sawa. Ya Mrefu ilitangulia. Ndani ya mavazi yale, nani angemtambua nani? Binti akaambiwa ameiba kazi ya mwenzake, na hataingia wodini wenzake watakaporuhusiwa.

Binti akampigia Mrefu. "Niambie si wewe."

"Mpenzi, niliogopa kufeli..."

"Usiniite hivyo! Nakuombea kila siku, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Kesho yake mwalimu aliwaita mbele ya darasa, uani, viti vikiwa vimetenganishwa. Mrefu akasimama kabla ya kuulizwa.

"Video ni yake. Mimi sijawahi kuupata mshipa hata mara moja."

Binti akarudishiwa nafasi yake. Mrefu akaambiwa arudie muhula.

"Nisamehe," alimwambia.

Macho ya binti yalilowa juu ya barakoa. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akasema kwa sauti, wote wakisikia:

"Nimekusamehe. Na naahidi mbele ya hawa, nitakufundisha mpaka mkono wako uache kutetemeka, maana mgonjwa hana kosa. Lakini mke wako, kaka, sitakuwa."