Mawe ya Gogo Minna

Kila Jumatano nikitoka shule nilivua sare, nikala mkate wangu nimesimama, kisha nikavuka barabara kwenda kwa Gogo Minna. Mama alinisindikiza kwa sauti tu kutoka dirishani. "Héritière, salimu vizuri, na usinirudie na simenti kichwani. Nywele hizo nimezisuka jana." Nilirudi nayo kila mara.

Gogo ni bibi kwa lugha ya huku, na Gogo Minna alikuwa bibi wa Kiyahudi, mwembamba, wa miaka themanini, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Alizaliwa pale pale mtaani kwetu, Troyeville. Majirani zake wa zamani walihama wote, yeye akabaki akitupokea sisi tuliokuja kutoka Kongo, Tanzania na kwingineko. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za vigae. Alivigonga vikombe na sahani mbovu vikawa vipande vidogo, akavibandika ukutani kwa simenti, pakatokea samaki, maua na ndege. Watoto wa mtaa alitufundisha bure, na supu juu yake. Jumamosi tu hakushika kazi, kwani ilikuwa siku yake ya Mungu. Mama alipofukuzwa kwenye chumba chake cha saluni, ni Gogo Minna aliyempa sebule asukie watu nywele, miaka mitatu mizima, na kodi akaikataa.

Vigae tulimletea sisi. Kwetu mtoto akivunja kikombe hukificha nyuma ya jiko, ndivyo tulivyozoea. Gogo Minna alituambia, "Kitu kikivunjika, usikifiche. Kilete mezani." Ukikileta hakuuliza nani kavunja. Aliuliza, "Kina rangi gani?"

Alifariki mwaka jana. Nilimlilia kama nyanya yangu mzaa mama.

Mwaka ulipotimia, mdogo wake, Bi Dora, alikuja kutoka Cape Town akatualika makaburini Jumapili, saa tano. Mama akiitwa saa tano hufika saa nne. Alibaki langoni kuwasubiri wenyeji, mimi nikatangulia ndani. Nilikuwa nimebeba kitambaa na chupa ya maji, maana kwetu huendi kumkumbuka mtu halafu ukaliacha kaburi lake chafu.

Njiani nilimkuta mfanyakazi wa makaburi akichoma magugu. Alinisikia nikijisemea kwa Kiswahili akacheka. Jina lake Burhani, mtu wa Tanga.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, binti. Unatafuta nini?"

"Ufagio, baba. Nataka kusafisha kaburi la gogo wangu."

"Hiyo ni kazi ya thawabu," alisema, akanipa ufagio mdogo wa mkono, akaenda kufungua bomba upande wa pili.

Kaburi la Gogo Minna lilikuwa na jiwe jeupe, zuri. Lakini juu yake watu walikuwa wametupa kokoto. Zilikuwa kama ishirini, kubwa na ndogo, zimezagaa tu. Nilikasirika. Nani anamtupia mawe bibi wa watu? Nilizifagia zote zikaangukia kwenye njia, ambayo nayo ilijaa kokoto, nikazisambaza kwa mguu. Kisha nikalipangusa jiwe likang'aa. Nilisimama pembeni nikijisifu moyoni.

Bi Dora alifika ameshikwa mkono na Mama, na jamaa wachache nyuma yake. Alifanana na Gogo Minna hadi nikashtuka. Aliliangalia kaburi, akaliangalia tena.

"Mawe yako wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

Aliinama akapapasa lile jiwe jeupe kwa kiganja. "Sisi hatuleti maua," alimwambia Mama. "Tunaacha jiwe. Kila jiwe ni mtu aliyekuja. Alhamisi niliweka langu hapa. Jeusi, dogo kama haragwe, lina mstari mweupe kiunoni. Minna aliliokota ufukweni tukiwa watoto akanipa. Nimekaa nalo miaka sabini."

Nilitazama zile kokoto njiani.

Wakati huo Burhani alikuwa akirudi na mpira wa maji. Bi Dora alimwona na sare yake. "Wewe ndiye unayefagia hapa? Nani alikuruhusu kugusa makaburi ya watu? Naenda ofisini sasa hivi, wakupeleke ukafanye kazi mahali pengine."

Burhani alitazama kaburi lililong'aa. Alitazama ufagio wake mkononi mwangu, nami nikauficha nyuma ya mgongo. Alijua. Angeweza kuninyooshea kidole, akamaliza. Aliinamisha macho akasema, "Samahani, mama."

Bi Dora aligeuka kuelekea ofisini. Nilijiambia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Halafu nikajiambia kwamba Burhani anajua, nami najua. Huyu baba huenda ana watoto mahali fulani wanaosubiri awaletee mkate. Nilikuwa nimekuja kumheshimu Gogo Minna, na hapo hapo kaburini pake nilikuwa nimeficha kitu nyuma ya mgongo.

Nilikimbia nikasimama mbele ya Bi Dora, nikautoa ule ufagio.

"Ni mimi," nilisema. "Si yeye. Nilidhani ni uchafu. Nilitaka Gogo awe safi."

Mama alishika kichwa. Mimi nililia bila haya.

"Ulizitupa wapi?" Bi Dora aliuliza.

"Hapo njiani."

"Katika kokoto zote hizo?"

Nilipiga magoti. Gogo Minna alitufundisha kutafuta kigae kimoja katika ndoo nzima: usichokore kwa pupa, tafuta rangi kwanza, umbo baadaye. Kokoto za njia zilikuwa za kijivu na zenye kona kali. Mawe ya wageni yalikuwa ya kila aina, ya mviringo, mekundu, ya kahawia. Nilianza kuyatoa moja moja. Burhani naye alipiga magoti kando yangu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alininong'oneza, "lakini mawe yanazoleka, binti. Usilie, hutaona vizuri."

Mama alikunja gauni lake la kanisani akajiunga nasi. Tulipata tisa, tukapata kumi na tano, tukapata kumi na tisa. Jeusi halikuonekana. Jua lilituwakia mgongoni. Nilikwenda polepole hadi ukingoni mwa njia, na pale, nusu limezama kwenye mchanga, niliona mstari mweupe.

Nilimpelekea Bi Dora kwa mikono miwili. Alilifumbata akalibusu. Kisha bibi yule alimwendea Burhani. "Nilikulaumu bila kuuliza," alisema. "Nisamehe."

"Yameisha, mama," alijibu Burhani.

Bi Dora alilirudisha lile jiwe kiganjani mwangu. "Liweke wewe. Dada yangu angetaka liwekwe na mtu anayeleta vitu mezani, kama alivyozoea kusema."

Nililiweka. Burhani naye aliokota jiwe lake akaliweka, ingawa hakumjua marehemu.

Kwenye teksi Mama alinigeukia tuliposimama kwenye robot ya Bertrams, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu.

"Unakumbuka birika la Gogo Minna, lile la samawati?" alisema. "Kifuniko chake nilikivunja mimi. Kilipasuka, kikabaki kipande kimoja chenye kishikio cha duara. Nilikitupa kwenye pipa la taka, nikanyamaza. Miaka miwili bibi wa watu alifunika birika kwa kisahani, na hakuniuliza hata siku moja. Nami sikumwambia. Leo mwanangu kanizidi utu uzima."

Nilimgeukia. "Chenye kishikio cha duara? Mama, kiko ukutani kwake."

Tuliposhuka tulikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa Gogo Minna. Kando ya mlango, mahali Mama alipopita kila asubuhi na mafuta yake ya nywele, palikuwa na ndege wa samawati. Kifua chake kilikuwa kile kifuniko, na kishikio kimejitokeza katikati. Bibi alikiokota pipani. Alijua siku zote.

Mama aliweka mkono juu ya yule ndege akalia taratibu.

"Sikiliza, Héritière," alisema alipopangusa macho. "Kukosea hakukwepeki, wakubwa kwa wadogo. Lakini kosa ukilificha, mwingine hulibeba, kama Burhani leo. Ukilisema mapema, hupatikana wa kukusaidia kuokota. Mimi nimechelewa. Wewe usichelewe."

Kisha aliinama akaokota kijiwe kando ya barabara, akakiweka juu ya ukuta, sawasawa na kichwa cha ndege.