Unyayo Haupimi Mvua

Kila siku jua lilipofika utosini, mfyatua matofali alivua kiatu cha kulia. Alikanyaga udongo wa kiwanja chake, akatulia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Unyayo.

Mguu ukivumilia joto la udongo, alisema mwaka ni wa baridi na mvua ipo. Basi matofali yalianikwa juu mwinukoni. Mguu ukikataa, alisema mwaka ni wa joto na mvua hakuna. Basi kazi yote ilihamia bondeni, karibu na shimo la udongo na maji. Huko hakuna kupandisha ndoo. Baba yake alifanya hivyo. Babu yake pia.

Mwaka huo mguu ulikataa kabisa. Wakateremka bondeni. Na asubuhi moja mkewe alisimama huko bondeni, tope limemfika karibu na magoti. Mkononi alishika kitu ambacho jana kilikuwa tofali.

"Baba watoto, hiki ni nini?"

"Tofali."

"Tofali liko wapi hapa? Huu ni uji."

"Imepita mvua ya njiani tu. Joto hili halina mvua. Tutafyatua upya."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo, mvua ya njiani. Hiyo njia mbona inapita juu ya matofali yetu tu?"

Unyayo alianza kukoroga udongo. Mkewe alihisi damu inampanda kichwani. Matofali yale aliyafyatua yeye, mgongo umeinama, kucha zimejaa udongo. Tena yalikuwa ya chumba cha kujifungulia kwenye zahanati. Fundi mkuu wa ujenzi alikuwa amekwisha kumwambia, "Shemeji, nitawasubiri mara hii tu. Nikikosa, nakwenda kwa wengine." Mteja mwingine hawakuwa naye.

Wakati huo mpangaji wao alikuwa anapita, amevaa mabuti, bomba refu begani. Alikuwa mtafiti, binti kijana. Kazi yake ilikuwa kutoa matope chini ya ziwa la karibu na kuyasoma. Unyayo alizoea kumtania kwamba anachimba matope mwaka mzima na hajafyatua hata tofali moja.

"Mdogo wangu, njoo," mke aliita. "Mweleze huyu kuhusu joto na mvua. Mimi maneno yameniisha."

Mtafiti aliweka bomba chini. Aliwaongoza mpaka kwenye shimo lao la udongo.

"Kaka, ukuta huu unauchimba kila siku. Umewahi kuutazama?"

"Nautazama usije ukaniangukia."

"Ona mistari. Huu wa kijivu, laini, ni matope yaliyotulia chini ya maji mengi. Zamani ziwa lilifika hapa. Huu mweupe una chumvi. Hapo maji yalikauka. Huu wa changarawe uliletwa na mafuriko. Ukishuka chini, unarudi nyuma mamia ya miaka."

"Hiyo ni mvua. Joto utalionaje? Tope halishikwi homa."

Hata mkewe alitaka kucheka, lakini alijizuia. Hakuwa tayari kumfurahisha.

"Ndani ya matope kuna mabaki ya vijidudu vya majini," mtafiti alisema. "Macho matupu hayavioni. Vingine hupenda maji ya joto, vingine ya baridi. Tukijua vipi vilikuwa vingi, tunakadiria joto la wakati ule."

"Na vinasemaje?"

"Kwamba joto na mvua hawana ndoa ya kudumu. Hapa kwetu, kuna karne ilikuwa ya joto na ziwa likajaa. Karne nyingine ilikuwa ya joto na ziwa likakauka. Baridi nayo, mara ilikuja na mvua, mara na ukame. Huandamana, huachana, hurudiana. Na ukienda nchi nyingine, utakuta wana habari yao tofauti."

"Nawajua watu wa namna hiyo," mke alisema, akimtazama mumewe.

Unyayo alinuna. "Kwa hiyo baba yangu alikuwa mwongo?"

"Hapana. Mara nyingi mwaka wa ukame huwa na joto kali. Mawingu hayapo, jua linapiga, na udongo mkavu hupata moto upesi. Baba yako aliona hilo kwa macho yake. Lakini aliona miaka ya maisha yake tu. Zaidi ya hapo, hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikipata nafasi ya kumwaga, humwaga kwa kishindo."

"Baba hakupoteza hata tofali moja bondeni."

"Nani kakwambia?"

Wote waligeuka. Mama mkwe, mama yake Unyayo, alikuwa amesimama juu ya shimo, mikono kiunoni.

"Alipoteza matofali ya tanuru zima," alisema. "Mwaka wa joto, mwaka uliozaliwa wewe. Yale yaliyopindapinda aliyaokota, akayachoma, akajengea choo. Miaka yote hii unaingia chooni humo, hujajiuliza kwa nini ukuta umekunja uso?"

Unyayo aligeuka, akatazama upande wa choo.

"Na mama, kwa nini hukusema?" mke aliuliza.

"Aliniomba nisiseme. Sasa nimechoka."

Mke alivuta pumzi ndefu. Kumbe matofali mangapi yameyeyuka kwa ajili ya heshima ya choo. Akamgeukia mtafiti. "Mdogo wangu, tufanyeje?"

"Msikisie kwa joto. Jiandaeni kwa yote mawili. Anikeni juu mwinukoni kila mwaka. Inueni sakafu ya kuanikia, chimbeni mtaro kuizunguka. Matofali yakishika na kuwa magumu kidogo, yapangeni kwa kuachia nafasi upepo upite, na turubai liwe karibu. Sikilizeni utabiri wa hali ya hewa redioni. Nao hukosea, lakini unapima mawingu na upepo. Mguu hupima ardhi tu."

Wakahama siku hiyo. Unyayo alipandisha ndoo akilalamika njia nzima, na mkewe akamwacha alalamike. Walifyatua upya, wakachimba mtaro. Wiki ya joto kuliko zote, redio ikataja mvua kubwa. Mke alifunika matofali, akakandamiza turubai kwa mawe. Jioni mvua ilimwagika. Asubuhi bonde lilikuwa bwawa. Mwinukoni, maji yalikuwa yamepita mtaroni, na chini ya turubai matofali yalikuwa makavu.

Fundi mkuu alikuja yalipokwisha kuchomwa. Aligonganisha mawili, yakalia kama chuma. "Haya ndiyo niliyokuwa nasubiri, shemeji," alisema, akaita lori.

Wakaanza kufyatua mengine. Siku hiyo, jua lilipofika utosini, Unyayo alivua kiatu cha kulia. Akakanyaga udongo. Mkewe alisimama nyuma yake, kiuno kinamuuma, subira imekaribia kwisha.

"Unasemaje huo mguu?"

"Unasema kuna joto."

"Na mvua?"

Unyayo alivaa kiatu.

"Hiyo haujui. Turubai umeliweka wapi?"