Koleta Hakuwa Kwenye Mstari

Kila asubuhi, kabla ya masomo, wanafunzi wa darasa la tano katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Nyabusozi walishika majembe na kwenda shamba la shule. Walipalilia maharage mpaka jua likaanza kuchoma, wakanawa miguu kisimani, ndipo wakaingia darasani. Kiranja wao alikuwa Benedicta, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye sauti kali na daftari safi. Alijua kupanga mstari ukanyooka, na alipenda watu wajue kwamba anajua.

Aliyekaa naye dawati moja ni Koleta, jirani yake. Zamani Koleta alikuwa hashikiki kwa jembe. Alimaliza tuta lake, kisha akamsaidia Benedicta kumaliza la kwake. Mambo yalibadilika baada ya darasa kupelekwa porini kukata fito za kujengea ghala la shule. Huko mbung'o waliwauma wote, nao wakacheka na kuwaua kwa makofi. Koleta alitokwa na kidonda mguuni pale alipoumwa, kikapona, kila mtu akakisahau. Muda si mrefu akaanza kusinzia.

Alisinzia kwenye hesabu, akasinzia kwenye siasa, akasinzia amesimama huku ameegemea mpini wa jembe. Ulikuwa mwaka wa vita. Malori ya jeshi yalipita kuelekea kaskazini, baba yake Koleta alikuwa amekwenda na mgambo wenzake, na redio ya mwenyekiti wa kijiji ilizungumzia mapigano kutwa. Mwalimu Felisiani, mwalimu wao wa darasa, hakwenda vitani, lakini alijihesabu mpiganaji, na adui yake alimpata karibu.

"Wenzako wanamwaga damu mpakani," alimwambia Koleta mbele ya darasa zima, "wewe unamwaga udenda juu ya dawati. Wewe ni kupe."

Siku hizo neno hilo lilikuwa zito. Kupe ni mtu anayekula jasho la wenzake, na kijiji cha ujamaa hakikumtaka. Benedicta, kwa kuwa alitaka mwalimu amwone, akatunga wimbo: "Koleta kupe, jembe limekushinda, sahani haijakushinda." Darasa liliuimba njiani kwenda shambani, na Koleta alitembea nyuma yao akiburuta jembe. Mwalimu Felisiani alisikia, akatabasamu, na baada ya hapo hakuna aliyeona sababu ya kunyamaza.

Fimbo haikumwamsha Koleta, wala maji ya kumwagiwa kichwani hayakumwamsha. Siku moja mwalimu akamtuma Benedicta kuchuma upupu kichakani.

"Mpake shingoni," alisema. "Tuone kama atalala tena."

Benedicta alifunga jani la mgomba mkononi ili yeye mwenyewe asiwashwe. Alipoinua kola ya shati la Koleta aliona vivimbe nyuma ya shingo, kama maharage yaliyofukiwa chini ya ngozi. Akasita.

"Benedicta," Koleta alinong'ona, "usiku silali kabisa. Nakaa macho mpaka jogoo anawika. Usingizi unanishika mchana. Na kichwa kinaniuma sana."

"Si umwambie mwalimu?"

"Nilimwambia. Akaniongezea viboko."

Benedicta aliona vile vivimbe kwa macho yake, akasikia maneno yale kwa masikio yake, kisha akapaka upupu. Hakuna la kumtetea. Koleta alijikuna mpaka damu ikatoka, darasa likacheka, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa amelala tena juu ya damu yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba wageni wanakuja. Walikuwa watafiti wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, wakiongozwa na Daktari Anatory. Walizunguka vijiji vilivyo kando ya pori na Landrova iliyochakaa wakipima damu, kwa sababu watu walikuwa wamehamishiwa karibu na mbung'o, na watafiti walitaka kujua ugonjwa umefika wapi na dawa gani bado inaufaa. Kijiji hakikuelewa hayo yote. Kilichoelewa ni kwamba wageni wanakuja, na wageni huonyeshwa mazuri.

Mwalimu Felisiani alimwita Benedicta pembeni. "Huyu mvivu asituaibishe. Mtafutie mahali."

Benedicta alimpeleka Koleta kwenye ghala la shule, lile lile lililojengwa kwa fito za porini. Akamkalisha kati ya magunia. "Lala humu," alisema, "leo hakuna atakayekuchapa." Koleta alimshukuru. Benedicta akafunga mlango kwa nje, akaenda kupanga mstari.

Mstari ulinyooka. Daktari Anatory alimchoma kila mtoto kidole, akachukua tone la damu, akalipaka kwenye kipande cha kioo. Mwenzake alikuwa ameinamia hadubini chini ya mti. Walipofika mwisho daktari aliuliza, "Mwalimu, hapa hakuna mtoto anayesinzia sana mchana?"

"Darasa langu halina wavivu, Ndugu Daktari."

Daktari akamgeukia Benedicta. "Na wewe kiranja, wote wapo?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Ghala lilikuwa nyuma ya mgongo wake, hata sauti ya kawaida ingefika.

"Wote tupo, Daktari," alijibu Benedicta.

Landrova ikaondoka. Jioni alipofungua ghala, Koleta alikuwa amejikunja pale pale. Alipoamshwa alimtazama Benedicta kama mtu asiyemfahamu, akamwita kwa jina la mama yake.

Wiki chache baadaye Koleta hakuja shule. Aliyekuja ni mama yake, Ildefonsa, asubuhi, nguo zake zikinuka moshi. Darasa lilikuwa limekaa.

"Shikamoo, Mama," walisema watoto.

"Marahaba." Hakuwatazama. "Mwalimu, mwanangu alikuwa anachochea moto, usingizi ukamchukua, mkono ukaangukia kwenye makaa. Hakuamka. Nimeamshwa mimi na harufu. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Wale wapimaji walimpima?"

Mwalimu Felisiani alikohoa. "Mama Koleta, siku ile kulikuwa na watoto wengi."

"Nimeuliza wa kwangu."

Mwalimu akachukua kifutio na kuanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu. Benedicta alisimama. Alisema juu ya ghala, vivimbe, upupu na uongo wake kwa daktari. Aliusema hata wimbo.

Ildefonsa alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu aliniambia wewe ni rafiki yake," alisema, akatoka.

Magari ya wilaya yote yalikuwa yamechukuliwa na vita, kwa hiyo Koleta alibebwa kwa machela. Wanaume walipokezana mabegani mpaka hospitali ya Biharamulo. Benedicta alifuata nyuma na kibuyu cha maji. Hakuna aliyemwomba aende, na hakuna aliyemfukuza. Njia nzima Koleta alicheka peke yake, akalia, akalala.

Daktari Anatory alikuwa hapo hospitalini. Alimpima Koleta damu, kisha akamchoma sindano ndefu mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo, huku mama yake amemshikilia. Alipoinua macho kutoka kwenye hadubini hakupoteza maneno.

"Ni malale. Wadudu wametoka kwenye damu, wamefika kwenye ubongo. Dawa iliyopo ni ya sumu. Inaua wadudu, na mara nyingine inamuua mgonjwa. Siku ile tulipokuja kijijini kwenu, pengine dawa nyepesi ingetosha."

Benedicta alisikia kila neno. Alisikia pia Koleta akipiga kelele dawa ilipoingia mshipani, maana inaunguza kama pilipili, na sindano moja haikutosha. Alikaa nje ya wodi akiomba Koleta asife.

Koleta hakufa. Alirudiwa na akili polepole, ingawa ulimi ulibaki mzito na vidole vya mkono ulioungua havikunyooka tena. Siku aliyoweza kukaa, Benedicta aliingia kumwekea sawa mto. Aliponyoosha mkono, Koleta aliifunika shingo yake kwa mikono yote miwili.

"Usinipake," alisema.

Benedicta alirudisha mkono. Alitoka, akalia mpaka akaishiwa machozi, na hakuna aliyembembeleza.

Koleta aliporudi kijijini, watafiti nao walirudi. Safari hii Daktari Anatory aliwasimamisha wanafunzi, wazazi na walimu mbele ya ghala. Mwalimu Felisiani alikuwa nyuma kabisa, kichwa chini.

"Tulikuja hapa kumtafuta mtoto anayesinzia," alisema daktari, "mkatupangia mstari wa walio macho. Aliyehitaji dawa mkamfungia ghalani ili tuwaone wazuri. Ugonjwa hauna aibu. Mwenye aibu ni anayeuficha. Mkiumwa na mbung'o, mkaona kidonda, homa, vivimbe au usingizi wa mchana, semeni mapema. Fyekeni vichaka kisimani na njiani, nanyi watoto msiingie porini hovyo. Na kabla hujamwita mwenzako mvivu, muulize anaumwa nini. Haya, nauliza tena. Nani hapa anasinzia?"

Benedicta aliinua mkono. "Auleria wa darasa la pili, Daktari. Anasinzia, na jana alikuwa na homa. Yupo nyumbani, naweza kumleta."

Auleria alikutwa na wadudu kwenye damu tu, akapona kwa dawa nyepesi. Kijiji kikafyeka vichaka kwa zamu, Mwalimu Felisiani naye akiwa na panga.

Siku hiyo watafiti waliporudi kupima, Benedicta alipanga mstari kama kawaida. Koleta alisimama wa kwanza, kidole chake kizima kikiwa tayari. Benedicta alisimama nyuma yake, mbele ya macho yake ile shingo yenye makovu ya kucha, akaitazama mpaka mstari ulipokwisha.