Msumari na Fundi wa Lifti

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, saa saba mchana, ikiwa na watu tisa. Mmoja wao alikuwa ametoka kujidunga insulini dakika kumi tu zilizopita, na chakula chake kilikuwa kinamsubiri mgahawani chini.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi wa kuvalisha makochi, mwenye karakana ghorofa ya tano. Jengo zima lilimwita Msumari. Wengi walidhani jina limetokana na kazi yake. Waliowahi kugombana naye walijua zaidi. Siku hiyo alikuwa amesahau karakanani mkoba wenye pipi zake, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu kisukari kimpate akiwa na miaka kumi na tisa.

Dakika ya ishirini midomo ilianza kufa ganzi. Jasho likamlowanisha blauzi ya njano mgongoni, mikono ikatetemeka. Aliuliza kama kuna mwenye kitu chochote kitamu, watu wakatazamana. Mbele yake kijana wa ofisini alikuwa na chupa ya soda. Msumari hakuomba mara ya pili. Aliipokonya mkononi mwa kijana, akaifungua kwa meno na kuinywa yote, huku mwenye soda akimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Kutoka nje ya mlango sauti nzito ya kiume ilikuwa ikirudia kwamba watulie, wanatolewa sasa hivi. Msumari alimjibu kwamba hiyo "sasa hivi" yake ina nusu saa na akamwambia mengine yasiyoandikika. Mlango ulipofunguka, mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya kijivu yenye madoa ya grisi aliinama na kumpa mkono. Msumari aliupiga mkono ule pembeni, akapanda mwenyewe, akachubuka goti, akaondoka akiyumba na kutukana.

Siku mbili baadaye msimamizi wa jengo alimwita na kumwonyesha ripoti ya fundi wa lifti: abiria mmoja wa kike alikuwa amelewa na alimnyang'anya mwenzake soda. Alimwonya kwamba likitokea jambo la pili kama hilo, karakana atapewa mtu mwingine.

Msumari alipanda ngazi hadi chumba cha mitambo juu ya paa, ile karatasi mkononi. Fundi alikuwa ameketi kati ya nyaya na makopo ya grisi, kola ya shati lake imepigwa pasi vizuri kuliko ovaroli yenyewe. Msumari alimwekea mezani kipimo chake cha sukari, akajitoboa kidole cha mkono wa kushoto (wa kulia aliuhifadhi kwa ajili ya nyundo) na kumwonyesha tone la damu.

"Andika upya," alimwambia. "Hapo pa 'amelewa' weka 'sukari ilikuwa imeshuka'."

"Mimi niliandika nilichokiona."

"Uliona mtu anatokwa jasho na kutetemeka. Pombe uliinusa wapi?"

 Fundi alichukua karatasi nyingine, akaandika taratibu, akatia saini. Kisha akainua kalamu. "Na yale matusi? Niandike kwamba yalitokana na sukari pia?"

"Yale hapana. Yale yalikuwa yangu."

Fundi alicheka. Msumari alishuka ngazi akiuma midomo, hataki kumpa raha ya kumwona naye anacheka.

Namba ya simu ya Msumari ilikuwa kwenye ile ripoti mpya, na fundi hakuona haya kuitumia. Alipiga kesho yake mchana.

"Nimepiga kujua kama umekula."

"Wewe ni mama yangu?"

"Mama yako hawezi kukutoa kwenye lifti, Msumari wangu."

Alisonya na kukata simu. Kesho yake saa ileile alijikuta anaitazama, na ilipochelewa kuita alipandwa na hasira.

Mapenzi yao yalikuwa ya kurushiana maneno tangu siku ya kwanza. Fundi alijifunza kila kitu: kwamba kalamu ya insulini haiachwi juani, kwamba anabadilisha mahali pa kudunga tumboni ili ngozi isiwe ngumu, kwamba sindano zilizotumika zinawekwa kwenye chupa ya plastiki ngumu. Alijaza pipi kila mfuko wa ovaroli. Lakini alianza kuuliza "umepima?" kabla ya "hujambo," na Msumari alimwambia waziwazi kwamba haelewi anachumbiwa yeye au sukari yake.

Mwezi wa sita wa mapenzi yao, fundi alimpeleka Msumari kwa dada yake mkubwa, aliyemlea yeye fundi. Msumari alivaa gauni la kijani la mikono mirefu na hereni ndogo za fedha. Mlangoni fundi alimshika kiwiko.

"Mpenzi, leo usitoe sindano mezani. Ingia chooni. Dada hapendi kuona hivyo vitu."

Msumari alikivuta kiwiko chake. Alikubali kwa sababu alimpenda, na papo hapo akajichukia kwa kukubali.

Mlango wa choo haukuwa na komeo. Aliuzuia kwa mguu, gauni ameliinua na kulishikilia kwa meno, na ndivyo dada mtu alivyomkuta aliposukuma. Walirudi mezani pamoja. Mbele ya mumewe na mashangazi wawili, dada alisema amemkuta mgeni anajidunga chooni mwake. Msumari alieleza kwa utulivu: ni insulini, ana kisukari, bila hiyo hawezi kuishi.

Dada aliweka kijiko chini.

"Baba yetu alikufa kwa hicho hicho. Walimkata mguu mmoja, kisha wa pili. Nimeosha vidonda miaka mitatu. Leo unamletea mdogo wangu kazi ileile? Na watoto, utamzalia?"

Wote walimgeukia fundi. Fundi alitazama sahani yake.

Msumari angeondoka papo hapo, lakini insulini ilikuwa tayari imeingia mwilini, na insulini haijali aibu. Ikabidi ale. Alikula kijiko kwa kijiko mbele ya macho yao, akitafuna matusi pamoja na chakula, mpaka akamaliza kiasi alichojidungia. Akafuta mdomo, akashukuru kwa chakula, akatoka.

Fundi alimfuata getini akiomba msamaha.

"Dada yako simlaumu sana, ana uchungu wake," Msumari alimwambia. "Wewe ulikuwa na mdomo. Na miezi sita unaujua ugonjwa wangu, baba yako hukuwahi kunitajia."

Zilipita wiki tano. Fundi alipiga, simu haikupokelewa. Hasira ilipandisha sukari ya Msumari, na muuguzi wa kliniki akamuuliza anakula nini siku hizi. Mara moja tu aliipokea, na ni kwa ajili ya kumpa fundi vidonge vyake. Alisema mpaka pumzi ikamwishia.

"Umemaliza?" fundi aliuliza kwa upole.

"Bado," alisema, na akaendelea.

Asubuhi moja fundi aliingia karakanani. Msumari alikuwa anavuta ngozi juu ya kochi la watu watatu, misumari midogo imepangwa midomoni. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Fundi alisimama karibu na mlango, akasema alilokuja kusema. Alikuwa na miaka kumi na sita siku baba yake alipokatwa mguu. Alitoroka hospitalini, akamwacha dada peke yake na daktari, na hakurudi kwa siku nne. Tangu siku hiyo hajawahi kumbishia dada yake jambo lolote.

Msumari alitema misumari kiganjani. "Kwa hiyo ulimfidia dada yako kwa kunitumia mimi."

"Ndiyo."

Alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Hiyo 'ndiyo' tupu hakuitarajia. Fundi alitoa simu, akapiga, akaiweka kwenye spika juu ya kochi.

"Dada, niko kwa mchumba wangu. Anajidunga mara nne kwa siku, na akija kwako atajidunga mezani. Baba nilimkimbia mimi, si yeye. Kama hutaki kuona, geuza uso."

Dada alisema mengi, mengine makali kuliko ya siku ile. Mwishoni sauti ilimkatika, akasema tu kwamba amechoka kuzika watu, akakata. Fundi aliichukua simu juu ya kochi, macho mekundu.

"Umechelewa," Msumari alimwambia.

"Najua. Nakuomba unioe hivyo hivyo."

"Anayeoa ni wewe, mjinga." Alimrushia pembe ya ngozi. "Shika hapo, uvute. Nitakujibu nikimaliza kochi hili."

Kochi lilichukua siku tatu. Kila asubuhi kabla ya kazi yake fundi alikuja, akavuta ngozi mpaka vidole vikamvimba, na kila asubuhi alikaripiwa kwamba anavuta vibaya. Siku ya tatu Msumari aligonga msumari wa mwisho, akamjibu ndiyo, kwa sauti ya mtu anayetukana, kisha akamkalisha juu ya kochi na kulia begani kwake.