Rangi ya Kibodi Chumbani kwa Mama

Kazi yake ilikuwa kuchapa, na mtaa mzima ulimwita Mchapaji. Watu walimletea rekodi za mikutano. Alivaa hedifoni, akasikiliza, akachapa kila neno lililosemwa, hata maneno ya wale wajumbe wanaopenda kusikia sauti zao wenyewe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Baba yake alimtania kwamba akipewa mchele auchague, ataumaliza kabla maji hayajachemka.

Zamani alichapia sebuleni, karibu na dirisha. Tangu Mama augue, meza ilihamia chumbani kwa Mama.

Ugonjwa wa Mama ulikuwa kichwani. Daktari hakuwaficha kitu. Alimwita Baba na Mchapaji pembeni, akawaambia kwamba dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu tu. "Mrudisheni nyumbani," alisema. "Akae na watu wake. Apate utulivu, na mwanga mkali usimfikie machoni, utamwumiza."

Walirudi naye nyumbani. Baba alitundika mapazia mazito, mawili kwenye dirisha moja. Akainua kitanda kwa matofali, ili wasiumie migongo wakati wa kumgeuza mgonjwa. Kuanzia siku hiyo chumba kile kilikuwa na giza hata saa sita mchana. Mchapaji aliweka meza yake ndogo kando ya kitanda, akaapa kwamba hatatoka humo mpaka mwisho.

Lakini giza lilimpa taabu. Herufi vidole vyake vilizijua. Tarakimu na zile alama za pembeni ilibidi aziangalie, na rekodi za mikutano zimejaa tarehe na hesabu. Akawa anainamisha uso juu ya vitufe kama kuku anayedonoa.

Baba alimwona, akamhurumia. Alitoka asubuhi, akarudi jioni na kibodi yenye taa chini ya vitufe. Taa zile zilikuwa na rangi nyingi za kuchagua. Baba akachagua buluu, tena akaupandisha mwanga wake mpaka mwisho.

"Buluu hupoza," alisema. "Mimi nimepaka rangi nyumba za watu miaka thelathini na minne. Chumba cha mgonjwa tunapaka buluu. Mtu akiingia tu, moyo unatulia."

Nani angebishana naye? Baba alikuwa fundi wa rangi, na kila mtu alimwita Mzee Brashi. Katika habari za rangi alikuwa ndiye hakimu na ndiye karani.

Hazikupita siku nyingi, mambo yakaanza kuharibika. Macho ya Mchapaji yaliwasha. Ikifika mchana kichwa kilimgonga. Vitufe vilionekana kama vimefunikwa na ukungu, naye akaanza kukosea. Mteja mmoja alimrudishia kazi yenye makosa kumi na moja, wakati zamani hata kosa moja lilimnyima usingizi.

Hilo angelivumilia. Lililomchoma moyo lilikuwa lingine. Mama aligeukia ukutani.

Asubuhi wakimwosha aliongea kidogo. Mchapaji akikaa mezani tu na kuwasha mashine yake, Mama alijigeuza polepole, akampa mgongo mpaka kazi iishe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Mchapaji aliutazama mgongo ule mwembamba ndani ya shuka, akajiuliza amekosa nini. Alifikiri Mama amemkasirikia. Pengine aliona mwanawe amekuja kufanya kazi badala ya kumuuguza. Aliogopa kumuuliza, akawa anachapa huku machozi yakimtoka.

Baba naye aliona.

"Mgonjwa huchoshwa na kelele," alisema. "Nadhani ni mlio wa vitufe. Jumatatu tuhamishie meza stoo kwangu, kule kwenye makopo ya rangi. Mwachie mama yako apumzike."

"Baba, nikienda huko sitakuwa naye."

"Utakuja kumwangalia."

"Siku zenyewe zimebaki ngapi, Baba?"

Baba aliokota brashi ambayo haikuwa na kazi, akaanza kuing'oa nywele.

Ijumaa asubuhi alikuja fundi wa kompyuta, mwanamke jirani yao waliyemwita Bisibisi kwa sababu hakutembea bila bisibisi mfukoni. Mchapaji alikuwa amemwita aitazame kibodi kabla haijahamishwa. Alidhani imeharibika.

Bisibisi alisimama mlangoni, akafinya macho.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba," Mama aliitikia, uso ukiwa ukutani.

Fundi alikaa kwenye kiti cha Mchapaji, akabonyeza vitufe kimoja kimoja. Vyote vilifanya kazi. Akageuka akamtazama Mchapaji.

"Kibodi yako ni nzima, dada. Macho ndiyo yanayoumia. Nani alichagua mwanga huu?"

"Baba."

"Na Mama aliulizwa?"

Haikuwahi kumjia Mchapaji akilini kumuuliza. Kibodi ilikuwa yake, na macho yanayoitumia yalikuwa yake.

Bisibisi aliinuka, akazunguka mpaka upande wa mto. Akapiga magoti, akalaza kichwa chake pembeni kabisa ya kichwa cha Mama.

"Unafanya nini?" Mchapaji aliuliza.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Kwangu hakuna kunguni," Mama alisema kutoka ukutani. Ulikuwa utani wake wa kwanza kwa muda mrefu.

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Njoo hapa, dada. Njoo uone anachokiona Mama."

Mchapaji akapiga magoti mahali palepale. Kitanda kilikuwa juu kwa sababu ya matofali, na meza ilikuwa chini. Kibodi yote ilimtazama. Mwanga wa buluu ulimpiga machoni moja kwa moja, mkali, usio na pa kukwepa. Alivumilia kidogo tu, akafumba macho.

"Mama," aliita. "Ni taa? Unageuka kwa sababu ya taa?"

Mama alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Kuuliza si ujinga, Mama," Bisibisi alisema kwa upole, "na kujibu si kosa."

"Inachoma," Mama alisema mwishowe. "Nikifumba macho bado naiona."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako alizunguka kutwa nzima kuitafuta. Alirudi miguu imejaa vumbi, ana furaha kama mtoto. Ningesemaje?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, na yote aliyasikia. Alishika mwimo wa mlango.

Mchapaji alihesabu moyoni. Zilikuwa siku kumi na tisa. Katika siku chache alizobakiwa nazo, Mama alikuwa ametazama ukuta siku kumi na tisa, na wote watatu walinyamaza kwa kuoneana huruma.

"Nilidhani umenikasirikia," alisema.

"Nikukasirikie kwa lipi? Nilikuwa nasikiliza vidole vyako. Vikisimama, najua umefika kwenye tarehe."

Mchapaji akaweka paji la uso kwenye shuka, akalia. Hakuna aliyemzuia.

Baadaye Baba aliingia. "Lakini buluu hupoza, fundi. Mimi naijua buluu."

"Ya ukutani hupoza, Mzee, sikatai," Bisibisi alimjibu. "Ukuta hautoi mwanga. Unarudisha ule unaoupokea, na jicho linaupokea ukiwa umepoa. Kibodi hii ina taa yake yenyewe. Ni kama tofauti ya kutazama ukuta unaopigwa na jua na kulitazama jua."

Baba aliinamisha kichwa. Fundi akaendelea taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyejeruhiwa.

"Kwenye giza mboni ya jicho hufunguka ili ione. Mwanga mkali ukija, wote unaingia. Na mwanga wa buluu hutawanyika zaidi ndani ya jicho kuliko rangi nyingine nyingi. Ndiyo maana dada anaona ukungu. Tena mwanga huo ukiwa mwingi, mwili unadhani ni mchana, usingizi unakataa kuja."

"Kwa hiyo nibadilishe rangi?" Mchapaji aliuliza.

"Kwanza punguza ukali. Watu wengi wanakimbilia rangi, wakati ukali ndio unaoumiza zaidi. Hata rangi nzuri ikipandishwa mpaka juu itakuumiza."

Akamwonyesha kitufe chenye picha ya taa. Mchapaji alikibonyeza mara moja, mara mbili, mara tatu. Mwanga ukashuka mpaka herufi zikaonekana kwa shida tu.

"Sasa panda ngazi moja. Hapo. Mwanga unaotosha kusoma kitufe, basi. Zaidi ya hapo ni mapambo." Akageukia kitandani. "Mama, sasa tunahitaji macho yako. Tutapitisha rangi, wewe useme."

Walimsaidia Mama kugeuka. Baba alimshika mabega, akamwekea mto mgongoni. Mchapaji alijaribu nyeupe kwanza.

"Bado," Mama alisema, kope zikitetemeka.

Kijani.

"Afadhali. Lakini uso wa mwanangu umekuwa wa mgonjwa. Mgonjwa humu ni mimi."

Nyekundu ilikuwa tulivu, Mama hakulalamika. Ila Mchapaji mwenyewe hakuitofautisha sita na nane.

"Wapo wanaoipenda nyekundu gizani, na wapo wasioiona vizuri kabisa," fundi alisema. "Macho hayafanani. Usichague kwa sababu jirani kasifu. Endelea."

Ikaja rangi ya machungwa iliyofifia, karibu na ile ya mwali wa mshumaa. Mchapaji alizisoma tarakimu zote bila kuinama. Akamtazama Mama. Macho ya Mama yalikuwa wazi.

"Mama?"

"Hapo," Mama alisema. "Usiguse tena."

Bisibisi alishusha pia mwanga wa skrini ulingane na wa vitufe. Akamwonya Mchapaji kwamba rangi si dawa. Kila baada ya dakika ishirini aache kuchapa, atazame mbali kidogo, na akiendelea kuumwa macho aende kwa daktari wa macho. Taa zinazochezacheza na kubadilika rangi zenyewe asiziwashe kabisa. "Na ukitaka, naweza kuitega ijizime kila unapoacha kuchapa. Mama apate giza kamili."

"Iache," Mama alisema. "Giza nitalipata. Nataka nimwone."

Fundi alikusanya vitu vyake, akaaga kwa sauti ya chini. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, akakaa huko muda mrefu.

Meza haikuhamia stoo. Mchapaji aliendelea kuchapa palepale, kando ya kitanda. Baada ya siku mbili kichwa kiliacha kumgonga, na makosa yakapungua mpaka mteja yule akaleta rekodi nyingine. Mama alilala mchana kwa vipande vifupi. Akiamka, alimtazama. Mchapaji akiinua uso kutoka kwenye vitufe, alikuta macho ya Mama yanamngoja.

Wakati mwingine waliongea. Mama alitaka kujua kwenye mikutano wanasema nini.

"Mwenyekiti anasema atakuwa mfupi."

"Amekuwa mfupi?"

"Kurasa kumi na nne, Mama."

Mama alicheka bila sauti. Kucheka kulimwumiza, lakini siku ya pili aliuliza tena habari za mwenyekiti.

Siku nyingine alimtazama tu. Aliuangalia uso wa mwanawe ndani ya ule mwanga mdogo, polepole, kuanzia paji mpaka kidevu. Mchapaji aliona haya kutazamwa vile, akajikaza asiangalie pembeni. Alijua Mama anaaga. Baba alikuwa akija kukaa ukingoni mwa kitanda, akimpaka mafuta mikononi, na mara moja alimwomba msamaha. Mama alimwambia asimpotezee muda kwa mambo ya rangi.

Walipata siku tisa za namna hiyo.

Siku ya tisa, saa tisa alasiri, Mchapaji alikuwa na hedifoni masikioni. Mjumbe mmoja alikuwa akitaja tarehe nyingi mfululizo. Aliinua uso, akaona Mama anamtazama, akamtabasamia. Akarudi kwenye kitufe cha saba, kisha cha nne. Alichapa mistari miwili zaidi. Alipoinua uso tena, macho ya Mama yalikuwa palepale, hayajapepesa.

Alivua hedifoni. Chumba kilikuwa kimya. Akamgusa shavu, akamwita mara mbili, kisha akaita, "Baba."

Baba alikuja mbio na rangi mikononi. Alipofika mlangoni alisimama, kwa sababu alielewa. Aliifuta mikono kwenye shati lake, akakifuta kila kidole, kana kwamba bado kulikuwa na haraka ya kuwa msafi. Akasogea kitandani, akamfumba Mama macho.

"Alikuwa anaangalia wapi?" aliuliza.

"Kwangu," Mchapaji alisema.

Baba aliitikia kwa kichwa. Akaketi sakafuni, mgongo wake kwenye kitanda, akalia.