Kompyuta ya Chumba cha Marzouq

"Khalaf, nishasogea. Niko nyuma ya gari lao," akasema Alyaa redioni.

Khalaf akakodolea macho skrini. Alyaa alikuwa pale pale, kajibanza jabalini. Hajasogea hata unyayo.



Droni ilikuwa juu ya ufuko, karibu na Ras al Jinz, pwani ya Oman. Yeye Khalaf alikuwa Ibra, mbali bara, mbele ya kompyuta aliyoiunda mwenyewe mwezi uliopita. Ryzen 9. RAM gigabaiti sitini na nne. Mashine ya kurushia roketi, na sasa inajikokota kama mtu aliyetoka kula nyama ya shuwa ya Idi.

Picha ilikuwa inachelewa.

Mwaka jana kompyuta ya zamani ilichelewesha picha vivi hivi. Mwenzao Marzouq akaambiwa njia nyeupe, akaingia.

Hakutoka.

Na hiki kilikuwa chumba chake.

"Alyaa, usiondoke hapo. Hapa naona mzimu wako tu."

"Mzuri?"

"Umenenepa."

"Mshenzi we! Mashua ya magendo inaingia. Wamengoja sala ya Ijumaa, watu wote wamo msikitini. Nambie nani yuko upande wa pili wa gari. Yalla!"

Khalaf akapekua mashine. Virusi, hakuna. Mdukuzi, hakuna. RAM, robo tatu tupu. Joto la prosesa, nyuzi mia.

Mia! Na kiyoyozi kinamgonganisha meno.

Prosesa ikiungua hivyo hujipunguzia mwendo, isife. Feni ikavuma, ikakwama, ikashusha pumzi ndefu. Kama mtu kalala chali.

Akachomoa kifuniko cha mbele. Wavu wa hewa ulikuwa mweusi, unanata. Akaunusa.

Udi.

Mlango ukafunguka. Bi Khole, mama yake Marzouq, mwenye nyumba, kashika chetezo kinafuka moshi.

"Shikamoo, mama. Unaifukiza kompyuta?"

"Marahaba, mwanangu. Kila siku. Mtu akirudi nyumbani hafukizwi? Nakiweka hapo chini, na yeye anauvuta wote."

Yeye.

 Khalaf akaung'oa wavu, akafuta mapanga ya feni kwa pindo la dishdasha yake.

Tisini. Themanini. Sitini na tano.

Picha ikaruka. Alyaa nyuma ya gari. Na mwenye bunduki, kainama, anamzunguka.

"Kushoto kwako! Sasa!"

Mlio mmoja.

"Alyaa?"

Khalaf akaongeza sauti ya redio.

"Alyaa!"

"Usinipigie kelele. Risasi yake imekwenda baharini, yeye nimemlaza kwa kitako cha bastola yangu. Mashua imeshashikwa na wenzetu. Khalas."

Khalaf akavaa miwani, akachukua funguo za Land Cruiser. Bi Khole alikuwa bado kaitegea sikio mashine. Feni haikusikika tena.

"Umemfanya nini?"

"Nimeisafisha, mama. Imepona."

"Marzouq akikoroma vile vile," akasema. "Mwezi mzima naja kumsikiliza."

 Khalaf akamtazama mama. Akaitazama mashine.

Kisha akaurudisha wavu mahali pake, mweusi vile vile.

Alipofika kwenye ngazi, ile pumzi ikaanza tena nyuma yake. Ndefu. Ya kukwama. Akainua redio.

"Alyaa, waambie ofisini tunataka kompyuta nyingine. Na nyumba nyingine."

"Si umeitengeneza hiyo?"

"Imekufa," akasema Khalaf, akashuka bila kugeuka.